Mgongo umenitoa kazini hapa Ohio: nastahili malipo ya ulemavu ya Social Security au la?

mama_kilifi aliandika:

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Naomba msaada kwa wanaoyajua mambo ya Social Security, ile hifadhi ya jamii ya serikali hapa Marekani. Mimi ni mama wa miaka 53, mzaliwa wa Kilifi, naishi Columbus, Ohio. Nilikuja mwaka 2012 kwa bahati nasibu ya viza. Mwanzo nilikuwa keshia dukani, halafu nikasomea uuguzi msaidizi, na tangu 2015 nimekuwa kwenye nyumba za kutunzia wazee. Mliofanya kazi hii mnaijua: kuogesha, kubadilisha nepi, kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda, kumtoa kitandani umketishe kwenye kiti cha magurudumu. Nimeipenda kazi yangu, wallahi, na wazee wenyewe walinipenda.

Mwezi wa pili mwaka huu wa 2025 nilikuwa namwinua mzee mmoja, magoti yake yakalegea ghafla na uzito wote ukanijia mimi. Kiuno kikalia. Nilimaliza zamu nikishika kuta. Picha ya MRI ilionyesha diski mbili za chini zimetoka na zinabana mshipa wa fahamu. Mwezi wa tano nikapasuliwa. Maumivu yamepungua, lakini mguu wa kushoto una ganzi kutoka pajani hadi kidole gumba. Nikikaa, kabla taarifa ya habari haijaisha nishainuka. Nikisimama jikoni naegemea sinki. Naswali kwenye kiti. Juzi kiatu kilinivuka ngazini na sikujua, mpaka kijana wangu akaniita, "Mama, kiatu chako."

Daktari amenipa barua inayosema siwezi kufanya kazi. Fidia ya kuumia kazini naipata kidogo kidogo, ila haitoshi kodi ya nyumba. Sasa nataka kuomba malipo ya ulemavu ya serikali, lakini kila ninayemuuliza ana jibu lake. Shemeji yangu anasema lazima nikae mwaka mzima bila kazi ndipo niombe. Mwenzangu wa kazini anasema wenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) hawapewi, na nikiomba nitaharibu maombi yangu ya uraia. Mwingine ananiambia niziondoe benki pesa zangu za chama, dola elfu sita, la sivyo nitanyimwa. Na rafiki ananiomba nimlelee watoto siku chache kwa wiki, anilipe mkononi, nami sijui kama hilo litaniponza.

Mnisaidie kwa ukweli. Nastahili au nisijisumbue? Nina kijana wa miaka 15 nyumbani na mimi ndiye baba na mama.

kijana_tandika alijibu:

Shikamoo mama, na pole sana. Kusema kweli usiweke matumaini makubwa. Ninaowajua mimi wengi walikataliwa, tena watu wagonjwa kabisa. Wanakwambia, sawa, huwezi kubeba wagonjwa, basi tafuta kazi ya kukaa, upokee simu. Bora utafute hiyo kazi ya simu mapema kuliko kusubiri majibu miezi na miezi huku kodi inadai.

mkalimani_mstaafu alijibu:

Dada yangu wa Kilifi, pole sana kwa yaliyokukuta. Kijana wa Tandika amesema kwa nia njema, na ni kweli wengi hukataliwa mara ya kwanza. Lakini kwa umri wako na kazi uliyofanya, hilo jibu la "kazi ya simu" silikubali hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Mimi si wakili. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili kwa miaka mingi, nimekaa kwenye vyumba vya mahakimu wa Social Security na kwenye meza za kujazia fomu, na nimeona watu wanaostahili kabisa wakikosa kwa kuwa hakuna aliyewaambia kinachopimwa ni nini.

Kuna milango miwili, na watu wanaichanganya. SSDI ni bima uliyoilipia mwenyewe kwa makato ya kila mshahara. SSI ni msaada kwa mtu mwenye kipato na mali kidogo sana, hata kama hajawahi kuajiriwa. Kipimo cha ugonjwa ni kilekile kwa mtu mzima, ila masharti ya pesa ni tofauti kabisa. Wewe mlango wako ni SSDI.

Kwenye SSDI kwanza wanahesabu krediti. Kwa kiwango cha 2025, kila dola 1,810 za mshahara zinakupa krediti moja, na kwa mwaka mzima hazizidi nne. Mtu wa umri wako anatakiwa awe na krediti kama 31 maishani, na 20 kati yake ziwe za miaka kumi ya mwisho. Umefanya kazi mfululizo kuanzia 2012 mpaka Februari, kwa hiyo hapo sioni tatizo. Fungua akaunti kwenye tovuti ya Social Security uikague rekodi yako ya mapato mwaka kwa mwaka, maana mwaka ukikosekana ni rahisi kuurekebisha ukiwa na karatasi za kodi mkononi. Bima hii pia ina mwisho. Ukiacha kazi, kinga yake hubaki takriban miaka mitano, kisha inakatika. Nimeona akina mama waliougua wakakaa nyumbani wakitunzwa na watoto, wakaja kuomba mwaka wa saba. Ugonjwa upo, vyeti vipo, bima imeshakufa. Inauma sana kumtafsiria mtu habari hiyo.

Suala la mwaka mzima: shemeji yako amesikia nusu. Sheria inasema hali yako iwe imedumu au *inatarajiwa* kudumu angalau miezi 12, au iwe ya kufisha. Husubiri mwaka ndipo uombe. Omba sasa. Kinachosubiriwa ni miezi mitano kamili ya mwanzo ambayo SSDI hailipi. Wewe umetoka kazini Februari, basi Machi hadi Julai hazilipwi, haki yako inaanza Agosti, na pesa ya Agosti hutolewa Septemba. Ukikubaliwa mwakani, wanakulipa nyuma mpaka Agosti hiyo. Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, huja baada ya miezi 24 ya haki, yaani Agosti 2027, kwa hiyo hapo katikati shughulikia Medicaid ya Ohio, bima ya afya ya wenye kipato kidogo.

Sasa kiini chenyewe. Barua ya daktari inayosema "hawezi kufanya kazi" haina uzito unaoudhania. Kwa maombi ya tangu Machi 27, 2017, kanuni inasema wazi kwamba kauli ya namna hiyo haina thamani yake peke yake, kwa sababu kuamua nani anaweza kazi ni jukumu la serikali, si la daktari. Wanachotaka kwa daktari ni vipimo vya mwili wako: unaweza kukaa dakika ngapi mfululizo, kusimama saa ngapi kwa siku, kubeba pauni ngapi, unahitaji kulala chini mara ngapi, utakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Mwombe aandike hayo na aonyeshe yanatokana na nini: MRI, upasuaji, ganzi aliyoipima kwa sindano, nguvu za mguu. Barua ya ukurasa mmoja yenye namba hizo ni bora mara kumi kuliko ya mistari miwili yenye huruma.

Uamuzi unapita hatua tano. Unafanya kazi ya kipato kikubwa sasa? Ugonjwa ni mzito? Je, umo kwenye orodha yao ya magonjwa yanayokubaliwa moja kwa moja? Kama haumo, unaweza kurudia kazi uliyokuwa ukifanya? Na kama huwezi, kuna kazi nyingine yoyote unayoweza? Wengi huanguka hatua ya tano, na hapo ndipo kijana wetu anaposema habari za simu.

Lakini hatua ya tano haiwapimi watu wote sawa. Kuna jedwali la kanuni linaloangalia umri, elimu na kazi ulizofanya. Aliye chini ya miaka 50 akionekana anaweza kazi ya kukaa, mara nyingi anakataliwa. Aliyetimiza 50 hadi 54, kazi yake ilikuwa ya nguvu, hana ujuzi wa kuhamishia kwenye kazi ya kukaa, na sasa hawezi zaidi ya kukaa, kwa kawaida jedwali linamhesabu kuwa mlemavu. Soma tena sentensi hiyo, dada. Una miaka 53. Kazi yako ilikuwa kunyanyua watu. Hulazimiki kuthibitisha kwamba huwezi hata kupokea simu. Ikithibitika tu kwamba huwezi kurudia uuguzi wala kazi nyepesi ya kusimama kutwa, umefika pazuri.

Ukeshia wako wa zamani nao usikutie hofu. Zamani walitazama kazi za miaka 15 iliyopita, wakamwambia mtu arudie ukeshia. Tangu Juni 2024 wanatazama miaka mitano tu. Kwenye fomu ya historia ya kazi jibu kwa miaka wanayoiuliza, na uieleze kazi ya uuguzi kama ilivyo hasa: mgonjwa wa pauni ngapi, mara ngapi kwa zamu, wangapi mnasaidiana. Usiandike "kutunza wazee" ukaishia hapo, maana asiyeijua kazi hiyo atadhani ulikuwa unawasomea gazeti.

Kuna fomu nyingine ya maisha ya kila siku, na hiyo ndiyo inayowaangusha watu wetu kuliko zote. Nilikaa na baba mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, akafika kwenye swali la kupika. Akaniambia andika "ndiyo". Nikamuuliza, jana ulipika nini? Ugali. Nani aliinjika maji? Binti. Uliusonga umesimama? Hapana, nilikaa kwenye stuli, mwiko ukanishinda, binti akamalizia. Basi hayo ndiyo majibu, na ndiyo tuliyoandika. Sisi tumelelewa kutolalamika, mtu anaona haya kuandika kwamba mkewe humvalisha soksi. Kwenye fomu hiyo aibu inakugharimu. Usiongeze hata chembe, na usipunguze. Kiatu kilichokuvuka ngazini bila kujua, andika hivyohivyo. Kuswali kwenye kiti, andika. Hayo yanaeleza mguu wako kuliko neno "maumivu" likirudiwa mara ishirini.

Ujue pia uzito wa vitu. Hakimu huuliza, "Unaweza kubeba galoni ya maziwa?" Galoni ni kama pauni 8, na kazi ya kukaa kwa mujibu wao ni ya kubeba visivyozidi pauni 10. Watu hujibu "naweza" wakimaanisha kuitoa kwenye friji hadi mezani mara moja. Sema hivyo: mara moja, kwa mikono miwili, si kutwa nzima.

Kulea watoto wa rafiki. Kiwango cha 2025 ni dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato. Ukipata kwa kazi zaidi ya hapo, unakataliwa hatua ya kwanza bila hata kufunguliwa faili la hospitali. Chini ya hapo sheria haikuzuii, lakini lazima utaje, hata ukilipwa mkononi. Na fikiria: mtoto mdogo hubebwa, hukimbizwa, huinamiwa. Utaandikaje kwamba huwezi kuinama huku unalea watoto wa watu? Ningekuwa wewe ningemwomba rafiki radhi.

Chama kiache benki mahali pake. SSDI haiulizi akiba. Fidia ya kuumia kazini ndiyo utakayoulizwa: ikijumlishwa na SSDI isizidi asilimia 80 ya wastani wa mshahara wako wa awali, na kikizidi wanapunguza SSDI. Itaje mapema, la sivyo baadaye watadai warudishiwe.

Green card haikuzuii SSDI. Umefanya kazi kihalali, umekatwa, uko nchini kihalali. Na uraia haunyimwi mtu kwa kupokea bima aliyoilipia.

Ukikataliwa usianze maombi mapya. Kata rufaa ndani ya siku 60 tangu upokee barua, nao huhesabu kwamba umeipokea siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Kwanza faili linaangaliwa upya na mtu mwingine, kisha unaenda kwa hakimu, na huko mara ya kwanza binadamu anakutazama usoni. Wakili unaweza kumweka kuanzia leo. Kwa kawaida halipwi usiposhinda, na ukishinda huchukua asilimia 25 ya malimbikizo, isiyozidi dola 9,200 kwa kiwango cha 2025. Anayekudai pesa ya mbele ili "akupitishe", mkimbie.

Mkalimani ni bure, ni haki yako, umwombe tangu simu ya kwanza. Tafadhali usimtumie kijana wako. Mtoto wa miaka 15 hapaswi kusimulia mbele ya mgeni jinsi mama yake anavyosaidiwa kuoga.

kijana_tandika alijibu:

Mzee nimesoma neno kwa neno, ahsante. Hilo la miaka 50 nilikuwa silijui kabisa. Niliowataja mimi wote wako chini ya 45. Mama, futa ushauri wangu, nenda ukaombe.

mtoto_wa_uvira alijibu:

Jambo mama, pole sana, Mungu akusaidie. Mimi niko Michigan. Niongeze upande wa SSI, maana wengi wetu Wakongomani tunapitia huko, na habari ya chama inatoka huko.

Mama yangu alifika 2016 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, hajafanya kazi hata siku moja katika nchi hii, kwa hiyo SSDI hakuna. Akapewa SSI. Huko ndiko wanahesabu mali: mtu mmoja asiwe na zaidi ya dola 2,000, mume na mke 3,000. Nyumba unayoishi na gari moja havihesabiwi, lakini pesa za likelemba (chama cha kuchangiana kwa zamu) zikilala kwenye akaunti yako zinahesabiwa, hata kama mwezi ujao zamu ni ya mtu mwingine. Kwa mwaka 2025 kiwango cha juu cha serikali kuu ni dola 967 kwa mwezi, na ukikaa bure kwa mtoto wako wanaweza kupunguza.

Jambo ambalo nataka wakimbizi walisikie vizuri: SSI kwa mkimbizi ambaye hajawa raia ni miaka saba tu. Ikiisha, inakatwa, hata kama mtu ni kipofu, isipokuwa kama ana sababu nyingine ya kustahili. Katika kanisa letu kuna wazee waliokatiwa hivyo, wakarudi kula kwa watoto wenye familia zao. Sisi tulianza uraia wa mama mapema, miaka mitano ilipotimia. Mama hajasoma, Kiingereza hajui, na kichwa chake hakishiki mambo mapya tangu homa kali ya zamani. Daktari alimjazia fomu N-648, ile ya kumwondolea mtihani kwa sababu ya ulemavu. Daktari wa kwanza alijaza kwa haraka, ikarudishwa. Wa pili alikaa na mama, akampima kumbukumbu, akaeleza kwa nini hawezi kujifunza, siyo tu kwamba ni mzee. Ilipita. Alikula kiapo 2022, na pesa yake haikukatika.

Mama wa Kilifi, kwako wewe SSI ni ngumu kwa sababu ya zile pesa za chama, kwa hiyo shika ile SSDI.

mama_kilifi aliandika:

Nimesoma na machozi yamenitoka, si kwa huzuni. Mkalimani, Mungu akuzidishie umri. Nilikuwa nimeshaamini kwamba kuomba ni kama kuomba sadaka, kumbe ni pesa yangu iliyokatwa kila wiki mbili miaka yote hii.

Leo nimepiga simu Social Security, nikaomba mkalimani wa Kiswahili, akapatikana. Wamenipangia mahojiano kwa simu wiki ya tatu ya mwezi ujao. Kwa daktari nimeacha maswali yako yale, ya dakika na pauni, niliyaandika kwenye karatasi nikampa muuguzi wake. Rafiki nimemwambia sitaweza watoto, ameelewa. Historia ya mapato nimeiona: mwaka 2014 umeandikwa pungufu, natafuta karatasi za kodi.

Maswali mawili yamebaki. Naogopa kusahau tarehe za matibabu. Na kijana wangu, je, naye anahesabiwa kwa namna yoyote?

mkalimani_mstaafu alijibu:

Tarehe usizikariri. Ingia kwenye akaunti ya hospitali yako mtandaoni, utoe orodha ya ziara zote, majina ya dawa na vipimo, uwe nayo mbele yako siku ya simu. Watakupa fomu ya ruhusa uisaini ili wachukue rekodi wenyewe, ila taja kila kliniki, hata ya mazoezi ya viungo, kwa sababu usipoitaja hawataijua. Wakikuita kwa daktari wao, wanalipa wao. Usikose siku hiyo, kukosa bila sababu peke yake kunaweza kukukatalisha.

Na kijana ndiyo, anahesabiwa, umeuliza jambo ambalo wengi hulisahau. Ukikubaliwa SSDI, mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza kupata sehemu yake juu ya ile yako, hadi nusu ya kiwango chako, ndani ya kikomo cha familia. Inaendelea hadi afikishe 18, na akiwa bado sekondari kwa muda wote inaweza kusogea hadi 19. Mtaje kwenye mahojiano hayohayo, na uwe na cheti chake cha kuzaliwa na namba yake ya Social Security.